Kiapo cha Maziwa

Arusha, mwezi wa Rajabu 1317, kwa hesabu ya Wazungu Novemba 1899

Kwa kaka yangu Shomari, mkalimani wa Moshi,

Shikamoo kaka. Mimi dada yako Mwanahalima ni mzima. Mume wangu Abasi naye mzima, isipokuwa kikohozi, naye anaulaumu mlima. Hapa kwa kila kitu wanaulaumu Mlima Meru: baridi, ukungu, hata mikate yangu isipoumuka. Binti yetu Tunu ana miezi mitano na mashavu kama yako. Namwomba Mungu amnyime kiburi chako. Mama ameleta salamu kutoka Pangani kwa msafara uliopita, anauliza utaoa lini. Nimemjibu kwamba umekwisha oa viatu vya Kizungu na unavilaza kitandani.

Ulikuwa ukisema mwanamke akijua kuandika atasumbua watu. Basi leo nakusumbua.

Tangu kambi hii ya Wadachi ianze kujengwa, Waarusha wanakamatwa wabebe mawe na chokaa. Morani wao wamekataa. Wamepanda msituni na mikuki, wanasema nchi yao haijapata kuwa na bwana wa kutoka mbali na hawaoni sababu ya kuanza sasa. Kwa hiyo askari wamepelekwa kufyeka migomba ya wazazi wao. Abasi alirudi na panga limeganda utomvu mweusi, na shati pia. Nikamwambia avue nje. Nimelifua shati mara nyingi na doa halitoki. Migomba ile ndiyo chakula cha watoto, kaka, si kitu kingine.

Nina rafiki huku, jina lake Nkasiogi. Huniletea maziwa, nami humpa chumvi. Anaye mtoto wa kiume, Loishiye, rika moja na Tunu. Mumewe Lemayian ndiye anayesikilizwa na morani wote walioko msituni. Juzi nilimuuliza vita vyao huisha vipi, maana sisi tumezoea kuona vikiisha watu wakiisha. Akacheka. Akasema, kwa Kiswahili chake cha sokoni: "Sisi naleta mama mmoja kila upande, iko na mtoto ya kunyonya. Napeana watoto. Mimi nanyonyesha yako, wewe nanyonyesha yangu. Imekwisha. Nani ataua mtu ya maziwa yake?" Huita jambo hilo osotua, na baada yake mtu akiinua mkuki ni sawa na kumchinja mwanawe.

Nikamwambia, "Tabu ni moja tu: Wadachi hawana mwanamke wa kunyonyesha." Tukacheka wote wawili. Lakini nilipokuwa peke yangu sikucheka. Wewe uko karibu na bwana mkubwa wa huko. Kimasai ulikijua tangu safari za pembe pamoja na marehemu baba, na bwana wako hasikii neno la watu hawa ila kwa kinywa chako. Nieleze wana nia gani na Waarusha, na kama una nafasi, sema neno jema.

Dada yako,
Mwanahalima


Moshi, 9 Desemba 1899

Kwa dada yangu Mwanahalima,

Marahaba. Barua yako nimeisoma, na kuhusu viatu nimekusamehe kwa kuwa hujawahi kuvaa. Mimi ni mzima na kazi ni nyingi. Kilimanjaro imejifunua tangu juzi na Wazungu wanaipiga picha mchana kutwa. Bwana mkubwa siku hizi haniiti "boi", ananiita kwa jina langu. Mwambie mama habari hiyo utakapomwandikia, maana mimi nikijisifu mwenyewe haamini.

Nakuletea kwa mkono wa tarishi leso mbili na sukari. Moja ya leso ni ya Tunu atakapokua.

Kuhusu nia ya serikali, mambo ya baraza hayaandikwi kwenye barua za ndugu. Ila desturi ile ya kubadilishana watoto imenipendeza sana. Nilipokuwa safarini na baba niliisikia kwa mbali, sikujua undani wake. Nieleze: je, huyo mama lazima awe wa nyumba ya mkubwa? Au hata mke wa askari anatosha? Na wanaume wakishaona watoto wamenyonya, huteremka bila silaha? Nauliza kwa kupenda kujua tu.

Abasi anywe tangawizi.

Kaka yako,
Shomari


Arusha, mwanzo wa Ramadhani 1317, kwa Wazungu Januari 1900

Kaka yangu mpenzi,

Shikamoo, na Ramadhani njema. Leso zimefika, sukari imefika pungufu. Tarishi wako ana jino moja lakini analitumia vizuri. Tunu ameanza kukaa bila kushikwa. Kikohozi cha Abasi kimepungua, kiburi chake kimeongezeka, kwa sababu nitakayokueleza.

Nilikujibu yale maswali yako kwa kinywa cha mpagazi, na sijui kama yalikufikia sawasawa. Bila shaka yalifika. Maana juzi bwana wa kambi alimwita Abasi akamuuliza kama mkewe ananyonyesha. Abasi alidhani ameshitakiwa kwa jambo fulani! Kisha nikaitwa mimi mwenyewe. Bwana akasema kwa Kiswahili chake cha kukatakata kwamba serikali imechoka na vita, inataka kufanya amani na Waarusha kwa desturi yao wenyewe, na ametafuta mwanamke wa kambini mwenye mtoto mchanga. Akasema, "Nimeambiwa hata mke wa askari anatosha." Kaka, niliposikia maneno hayo nilijua ni wewe. Machozi yalinitoka mbele ya Mzungu. Nilikuomba neno moja jema, ukaniletea amani nzima.

Nimekwenda kwa Nkasiogi kumwambia. Alikuwa akimtikisa mtoto wake. Akasema mumewe hatamwamini Mzungu hata aape kwa mlima, ila ataniamini mimi, kwa sababu nimekula nyumbani kwake loshoro, chakula chao cha mahindi na maziwa, na sikuacha kitu kwenye kibuyu. Akaniuliza, "Wewe najua hakika?" Nikamjibu kwamba ndugu yangu wa tumbo moja yuko karibu na bwana mkubwa, na nitamuuliza.

Basi nakuuliza. Unajua sheria yetu kama niijuavyo. Mtoto akinyonya ziwa langu ni mwanangu, ndugu yake Tunu, na hawaozani mpaka kiama. Kwangu mimi hili si mchezo wa kuwafurahisha washenzi, kama asemavyo Abasi. Niandikie kwa mkono wako, uniapie kwa Mungu, kwamba wanaume hao wakiteremka watarudi kwao. Sitampa mtu yeyote mwanangu kabla sijapata barua yako.

Dada yako,
Mwanahalima


Moshi, 19 Januari 1900

Dada yangu,

Marahaba. Naandika kwa haraka, tarishi anangoja mlangoni.

Unapenda kuapisha watu tangu utoto. Mambo ya serikali hayaapiwi. Bwana akisema, amesema. Nani amekulea baba alipokuwa safarini? Nani alikuficha siku ile ulipovunja mtungi wa Bi mkubwa? Je, ndugu yako anaweza kukutia katika jambo baya?

Mpe mtoto. Mimi nasema mpe.

Hapa kuna maneno kwamba watu wawili watatu watapewa uakida mwaka huu. Niombee katika mwezi huu mtukufu.

Shomari


Arusha, Mfungo Mosi 1317, kwa Wazungu Februari 1900

Kaka Shomari,

Shikamoo. Tunu mzima. Sina habari nyingine za nyumbani, na kama zipo sizijui.

Tulifanya baada ya Idi, kwenye uwanda ulio karibu na mto Themi. Waarusha walileta ng'ombe mwenye ndama, sisi tukaleta ng'ombe mwenye ndama. Wazee walishika majani mabichi mkononi, maana mwenye majani hana vita. Tulikaa chini mimi na Nkasiogi, magoti yakigusana, tukabadilishana watoto. Loishiye alinyonya palepale bila adabu. Tunu alilia, akamgeuzia Nkasiogi uso, mpaka Nkasiogi akamwimbia kidogo kwa lugha yao. Kisha naye akanyonya. Wanaume waliokuwa wakiwindana miezi mingi walikuwa wanatazama watoto wawili wakishiba.

Lemayian alinijia baadaye. Ni mrefu, ana kovu shingoni. Alitema mate kidogo kwenye kiganja akampaka Tunu kwenye paji la uso, ndivyo wanavyombariki mtoto. Akaniita mama wa mwanawe.

Kesho yake wakaitwa kambini wapokee nguo na shanga za amani. Walikuja bila mikuki, Lemayian na wazee watano, wamejipaka mafuta mwili mzima kama watu waendao harusini. Mimi nilikuwa napika. Nilisikia lango likifungwa. Nilitoka nikamwona Abasi ameshika mnyororo.

Sikumuuliza Abasi kitu. Alijisemea mwenyewe, "Amri, Mwanahalima, amri." Hakula siku ile, wala sikumpa.

Nkasiogi alikuwa nje ya boma pamoja na wanawake wengine. Sikuogopa wanawake waliopiga mayowe. Nilimwogopa yeye. Alinitazama mpaka nikaingia ndani.

Wanaletwa kwako, kaka. Leo asubuhi wametoka na minyororo shingoni kwenda Moshi wakahukumiwe, na mkalimani wa Moshi ni wewe. Hakuna mwingine barazani mwenye kujua Kimasai. Mweleze bwana mkubwa waziwazi kwamba watu hawa hawakukamatwa vitani. Waliteremka kwa kiapo, na kiapo kilitolewa kwa jina la serikali. Kama bwana wa kambi amemdanganya bwana mkubwa, basi bwana mkubwa atajua kwa kinywa chako. Wewe ulinipa neno lako nami nikawapa wao. Sasa maisha yao yako mdomoni mwako.

Nijibu upesi. Nakuomba. Nimekwisha kuomba mambo mengi maishani lakini hili ni kubwa kuliko yote.

Mwanahalima


Moshi, 17 Machi 1900

Kwa dada yangu Mwanahalima,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima wa afya. Mvua huku zimeanza mapema na njia ni tope tupu, ndiyo maana umengoja jibu. Mama ameandikisha barua kwa mwalimu wa chuo, anasema mguu uliokuwa ukimuuma umepona na paa la nyumba limeezekwa upya. Anafurahi sana.

Niliona una fadhaa katika barua yako ya mwisho, nami nimeona nikutulize moyo upande wa dini, maana huenda ndilo linalokusumbua. Nilimuuliza mtu mwenye elimu. Anasema kwa madhehebu yetu mtoto hawi mwana wa kunyonya kwa mara moja. Ni lazima ashibe ziwa mara tano. Wewe ulimnyonyesha mara moja tu. Kwa hiyo mtoto yule si mwanao, wala watu wake si jamaa zako, wala hakuna kiapo kilichokufunga mbele ya Mungu. Lala usingizi.

Kuhusu lile baraza, shauri lilisikilizwa na limekwisha. Mkalimani hutafsiri yanayohusu kesi. Yasiyohusu huyaacha, ndivyo kazi ilivyo, na mtu asiyeifanya hawezi kujua.

Nakushauri usitoke toke kwenda kwa wanawake wa kishenzi. Kaa na wake wa askari wenzio.

Sasa habari njema: nimepewa uakida! Nitakaa upande wa Tengeru, karibu nawe kabisa. Mwezi wa Mei nitapita hapo kwako na watu wangu wachache. Nipikie pilau, na Tunu avae ile leso.

Kaka yako,
Akida Shomari


Arusha, Mfungo Tatu 1317, kwa Wazungu Aprili 1900

Shomari,

Sikuandika shikamoo. Si kwa kusahau.

Barua yako ilipofika nilikuwa nimekwisha kujua. Mpagazi mmoja wa Kimeru, Sumari, aliyebeba mizigo ya askari hadi Moshi, alirudi kabla ya tarishi wako. Anasikia Kimasai na Kiswahili vyote viwili. Alikuwa amekaa kando ya baraza na mzigo wake siku ya hukumu. Alinieleza bila kupandisha sauti, akichora chora udongo kwa kijiti.

Anasema Lemayian alisimama na minyororo akasema: "Mtoto wenu amenyonya kwa mke wangu, na mtoto wangu amenyonya kwenu. Nimekuja bila mkuki kwa sababu ya maziwa hayo. Mkiniua, mnaua mtu wa nyumba yenu. Mwulizeni mwanamke wa askari." Alisema maneno mengi, watu wote walimsikia. Kisha bwana mkubwa akakugeukia wewe. Nawe ukasema, "Bwana, anasema hana la kujitetea."

Walinyongwa mchana huohuo, yeye na wazee wote. Sumari anasema wazee walikuwa bado wana majani makavu katika nguo zao.

Niliposoma kwamba mkalimani huacha yasiyohusu, nilikaa chini pale pale mlangoni. Nimekuwa nikikutetea moyoni miezi miwili. Nilisema, labda Shomari naye alidanganywa. Labda alitishwa. Lakini uliniuliza mwenyewe kama mke wa askari anatosha, na kama wanaume huteremka bila silaha. Hukuuliza kwa kupenda kujua. Mimi nilikueleza desturi ya rafiki yangu na kicheko chake ili uwaokoe watu wake, wewe ukachukua maneno hayo ukaenda kuyatengenezea mtego, na chambo chake akawa mwanangu. Kisha ukakataa kuapa. Kumbe ulimwogopa Mungu kidogo, ila dada yako hukumwonea haya hata kidogo.

Umenisaliti, Shomari. Nimeliandika neno hilo mara nyingi nikalifuta, leo naliacha.

Sasa nikupe habari za huku, maana unakuja kuzitawala.

Baada ya wanaume kunyongwa, askari walikwenda kwenye boma la Lemayian wakachoma nyumba, wakaswaga ng'ombe wote. Migomba ilikuwa imekwisha fyekwa zamani. Nkasiogi analala kwa mama yake mkwe chini ya ngozi, na hana chakula zaidi ya majani ya porini. Ziwa lake limekauka. Asubuhi moja nilikuwa nje nachota maji nikamwona amesimama. Hakunisalimu wala sikuthubutu kumsalimu. Alikuja akanipakatisha Loishiye, akageuza uso akatazama mlima. Mtoto alikuwa mwepesi, kaka. Alinyonya mpaka akasinzia na ziwa mdomoni. Nkasiogi akamchukua akaondoka. Jioni akarudi.

Tangu siku hiyo anakuja asubuhi na jioni, kila siku. Abasi alitaka kumfukuza. Nikamwambia amfukuze, kisha ajitafutie mke mwingine wa kumpikia. Juzi alimwekea Nkasiogi ndizi mbivu pale langoni, akakimbia kama mwizi.

Basi mwambie yule mwenye elimu kwamba hiyo tano yake imepita zamani. Hata kwa sheria uliyonitafutia wewe mwenyewe, Loishiye ni mwanangu mbele ya Mungu, na wewe ni mjomba wake. Uliyemzibia maneno barazani ni baba wa mpwa wako.

Nkasiogi alikaa wiki nyingi bila kusema nami. Siku aliyosema, aliuliza swali moja: "Mtu ya kugeuza maneno ya bwana yangu, jina yake nani?" Ningeweza kusema sijui. Nilikutazama wewe moyoni, jinsi ulivyokuwa ukinibeba mgongoni kwenda chuoni, nikamwambia. "Shomari. Ndugu yangu wa tumbo moja." Nikangoja anipige. Aliniuliza tu kama nina chumvi.

Lakini jina lako lilifika msituni. Morani waliobaki walipata habari kwamba huyo Shomari ndiye akida mpya, na kwamba mwezi wa Mei atavuka mto Usa na watu wachache. Walishauriana wakungoje kwenye kivuko. Sikuandikii mambo ya kusikia sokoni. Nkasiogi mwenyewe ameniambia, kwa maana walikwenda kwake kwanza. Yeye ni mjane wa Lemayian na damu ile ni yake. Bila neno lake hawawezi kuanza.

Amewakatalia.

Aliwaambia, "Yule ni mjomba ya mtoto yangu. Loishiye nakunywa kwa dada yake kila siku. Sisi tulifanya osotua. Kama yeye natupa, sisi hapana tupa." Mmoja wa morani alilia kwa hasira na kuvunja fimbo yake. Kisha wakarudi msituni, na neno lake limeshikwa.

Kwa hiyo njoo bila wasiwasi, Akida Shomari. Vuka mto Usa mchana kweupe. Hata askari usiwachukue, huna haja nao. Ukiwa na kiu, bisha hodi boma lolote la Mwarusha. Watakujua, na watakupa maziwa, kwa kuwa wameyaahidi.

Ila ufikapo Arusha usije kwangu. Mimi sikumuahidi mtu yeyote chochote juu yako.

Mwanahalima, mama wa Tunu na Loishiye